Debe la Maharage Yaliyobunguliwa

Nyenje hafi upesi kwa njaa. Hufa upesi kwa maji. Ukimwekea kisahani cha maji kama unavyomwekea kuku, utamkuta anaelea katika kina kisichofunika hata ukucha wako. Mwekee pamba iliyoloweshwa, ataifyonza mwenyewe. Mimi nilipoteza nyenje kumi na kitu kabla ya kulijua hilo, kwa hiyo ukipoteza wako wa kwanza usijilaumu.

Nilianza kufuga nyenje nikiwa nimeshachoka. Mume wangu alipigwa kiharusi mwaka ule, hapa nyumbani Heru Juu, na upande wake wa kulia ukalala. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, yeye alikuwa seremala, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Maneno yale machache nayo yakaondoka. Kumgeuza kitandani, kumwogesha, kufua mashuka, kumtoa barazani kwenye kiti chake, hayo niliyazoea. Kilichonishinda ni kumlisha. Alifumba mdomo. Ukimlazimisha anapaliwa, na uji ukiingia njia ya hewa unaua. Binti yetu, ambaye ni nesi Kibondo, alinifundisha kwa simu: mkalishe wima, kijiko kidogo, subiri ameze, usiharakishe. Nilisubiri sana. Kuna siku kikombe kimoja cha uji kilitumaliza asubuhi nzima.

Kinyonga alitujia mwezi wa tano. Watoto waliokuwa wakitoka shule walimwona kwenye uzio wetu, wakaanza kumpiga mawe, maana huku kwetu wengi wanaamini kinyonga ni mkosi. Mume wangu alikuwa barazani. Akatoa sauti. Haikuwa neno, lakini ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu tumtoe hospitali, na watoto walikimbia wote. Nikamwokota kinyonga kwa kijiti. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umevunjika. Nikamweka kwenye tawi la mpera nililolisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, nikalifunika lote kwa chandarua kikuukuu, nikaliweka mbele ya kiti cha mzee ili alitazame.

Siku iliyofuata nilimwingizia kinyonga panzi. Alimtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa mawili, akachomoa ulimi. Nilimgeukia mume wangu nimwambie, nikakuta mdomo wake uko wazi. Kinyonga alipofyatua ulimi, na yeye alifunua kinywa, kama mama anavyofunua chake anapomlisha mtoto. Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikakitia. Akameza.

Basi hesabu yetu ikawa hiyo. Panzi mmoja, kijiko kimoja. Baada ya panzi watano au sita, mdomo ulikuwa umeshazoea kazi, na vijiko vingine kadhaa vilipita vyenyewe.

Mwezi wa saba nyasi zilikauka, watu wakachoma mabonde, na panzi wakaisha. Binti yangu alimpata mtu wa Kibondo anayefuga nyenje kwa ajili ya kuku wake, akanitumia kwa basi ndoo yenye matundu kwenye mfuniko. Nitakueleza jinsi ya kuwatunza, maana si kazi ngumu, ni kazi isiyoisha tu. Beseni la plastiki lenye kingo laini, wasipande. Trei za mayai, wajifiche. Kopo la mchanga wenye unyevunyevu, majike watage humo. Joto wanalitaka sana, na baridi yetu ya kipupwe inawaua, kwa hiyo beseni langu lilikaa jikoni karibu na jiko la kuni. Miguu ya meza niliitumbukiza kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Chakula ni pumba, mchicha na maganda ya viazi. Wape majani mabichi kabla ya kumlisha kinyonga, kwa sababu kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho anachokula kinyonga.

Hivyo nikawa nalisha vitu vitatu: nyenje wamlishe kinyonga, kinyonga amlishe mume wangu. Mimi nilikula nikiwa nimesimama.

Pumba zilipoisha, nilimwomba jirani. Huyu ni mama ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wakimbizi, yeye kazaliwa hapa hapa, na ana nguruwe, kwa hiyo pumba hazikosekani kwake. Alikuwa akinipa kila kitu isipokuwa kuingia barazani. Alisimama njiani na kuita.

"Mwalimu! Lipo lile lidudu lako?"

"Lipo, linakusalimu."

"Lisinisalimu. Siku likitoka humo, mimi salamu yangu ni jiwe. Mzee, mwakeye, umeamkaje? Mwambie mke wako afuge sungura kama wenzake."

Akaniwekea mfuko wa pumba kwenye jiwe la uzio, akaondoka akicheka. Mchana ule niliwamwagia nyenje kiasi cha kutosha.

Asubuhi jiko lilikuwa kimya. Kama hujawahi kuishi na nyenje hutaelewa ukimya huo, maana madume huimba mpaka unaacha kuwasikia. Niliinua trei ya kwanza, nikainua ya pili. Wote walikuwa chali, miguu imekunjwa. Nikanusa pumba, na hapo nikajua. Huku kwetu hakuna nyumba inayoweka mahindi bila kuyachanganya na dawa ya unga ya kuzuia fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa nafaka na maharage. Mimi mwenyewe nimeichanganya dawa hiyo miaka yote ya ndoa yangu. Jirani alikoboa mahindi yake bila kuyaosha, na dawa yote hukaa kwenye ganda. Nilijivunia maharage yangu yasiyo na tundu hata moja, na nilipopewa pumba sikukumbuka hata kidogo kwamba safari hii wadudu ndio mifugo yangu.

Siku hiyo mume wangu alikula vijiko viwili. Siku ya pili nilitembea bondeni nikiburura kanga kwenye nyasi zilizoungua niwakurupushe panzi, nikarudi na panzi mmoja mwembamba. Vijiko vitatu. Siku ya tatu nilijaribu kufunua mdomo wangu mbele yake. Alinitazama kwa huruma, akaufumba wake.

Binti yangu alipiga simu. "Mama, shikamoo. Amekula?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamhesabia vijiko. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Kesho kutwa nakuja na gari, tumlete huku awekewe mpira wa kulishia puani. Mama, si aibu. Umefanya vya kutosha."

Alisema kweli, mpira si aibu, na umeokoa wengi. Lakini nilimjua mume wangu. Hospitali alikuwa ameuchomoa mara mbili kwa mkono wa kushoto, na mara ya pili wakamfunga mkono. Mkono wa seremala, umefungwa kwenye chuma cha kitanda. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, nikalia kwa uchovu zaidi ya huzuni.

Ndipo jirani akapita, akaona. Nikamweleza yote: nyenje, pumba, mdomo, gari la kesho kutwa.

"Yezu wanje," akasema. "Pumba zangu?"

"Hukujua. Hata mimi nilipaswa kujua."

Aligeuka akatazama upande wa nyumba yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo anakula wadudu tu? Hata wadogo?"

"Wowote walio hai, wasio na dawa."

Akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amebeba debe kichwani, limefunikwa kitenge kana kwamba kuna maiti ndani. Akatazama huku na huku kabla ya kulitua.

"Ukimwambia mtu nahama," alisema. "Haya niliyasahau nyuma ya pipa. Dawa iliniishia."

Akafunua. Lilikuwa debe la maharage yaliyobunguliwa mpaka hayafai hata kwa nguruwe, kila punje ina matundu, na juu yake fukusi wanatembea kama watu wa gulioni. Kwa mwanamke wa huku, kuonyesha maharage ya namna hiyo ni sawa na kuonyesha godoro lililokojolewa. Nilimshukuru.

Niliwachekecha fukusi kwenye ungo, nikawamimina kwenye tawi. Kinyonga aligeuza jicho moja. Wadudu wenyewe ni wadogo kuliko punje ya mchele, nikadhani atawadharau. Akafyatua. Mdomo wa mume wangu ukafunuka.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulitegemea. Nyenje watano humshibisha kinyonga, na akishiba onyesho limekwisha. Fukusi watano si kitu kwake. Alifyatua mara kumi, mara kumi na tano, akapumzika, akasogea kwa mguu wake mbovu, akafyatua tena. Nilikuwa nimewahangaikia wadudu wanene bure. Lakini kila kijiko kilidai subira ileile, na mkono wangu ulianza kuwa mzito.

"Leta hapa," jirani akasema.

Alipanda barazani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Aliweka kigoda, akakaa akimpa kinyonga mgongo, akakataa katakata kugeuka. Kwa kuwa hakuweza kuuona ulimi, alikodolea macho mdomo wa mzee.

"Sasa? Bado? Mzee, usinichezee, mimi hapa mgongo unaniwasha. Haya! Sasa! Meza. Meza, baba. Lipo nyuma yangu, au limesogea? Mwalimu, limesogea?"

Nilitaka kumjibu kwamba halijasogea. Nilikuwa nimeegemea nguzo, na usingizi ulinichukua palepale, kisahani cha fukusi kikiwa mapajani. Niliposhtuka, jua lilikuwa limeshafika kwenye ngazi, jirani ameshaondoka, na kikombe cha uji kilikuwa kimefunikwa juu ya kigoda, kitupu.

Nilimpigia binti yangu nikamwambia asije na gari. Aje kwa basi, mikono mitupu, anisaidie kufua mashuka.