Mpira Uliochoka

Injini ikiunguruma, fundi hutafuta uvujaji kwa ngozi. Hulamba mgongo wa mkono wake, kisha huupitisha polepole kandokando ya mipira ya turbo, ile inayopeleka upepo kwenye injini, kama mtu anayepapasa swichi gizani, maana ngozi iliyolowa husikia hata upepo mdogo. Shemeji yake alisimama kando, roho juu. Alikuwa amefunga mwenyewe vali mpya ya kutolea upepo wa turbo, ili akiachia mafuta gari lipige ule mluzi wa vijana. Mluzi aliupata, nguvu ikapotea. Kilima cha kwao sasa wanakipanda kwa gia ya kwanza. Mkewe, dada wa fundi, ndiye aliyekuwa akikanyaga mafuta, uso ameukunja.

Chini ya vali, mkono wa fundi ulisimama. Akaushika wa shemeji, akaulowesha, akauweka palepale. Upepo ulivuja kwenye klipu ya kubana mpira, ambayo haikukazwa. Walitazamana.

“Kaka, nani kaharibu?” dada aliuliza dirishani.

“Mpira umechoka tu.”

Akauchomoa, akautupa chini, akafunga mwingine na kukaza klipu. Shemeji aliuokota ule mpira, usio na hata mkwaruzo, akautia mfukoni kabla mkewe hajashuka.