Moshi Ndani ya Mashine ya Kufulia

Kila ninapofukiza kibuyu cha maziwa, moshi wa mgunga hunirudisha Garissa, siku ile Ayeyo, mama yake Baba, alipotaka kuichoma mashine ya Mama. Au ndivyo tulivyodhani.

Baba, karani wa boma, aliiagiza Nairobi, ikaletwa na lori: pipa la mbao lenye miguu mitatu na mkono wa chuma wa kuzungusha. Mama, mtu wa Lamu, alikuwa amepasuka vidole kwa sabuni kali, basi aliizunguka akiipapasa huku akicheka peke yake. Mimi nilichungulia ndani mpaka nusura kichwa kinase. Nani atafua humo? Nilishuku kuna mtu amejificha.

Baba akasoma karatasi yake: kabla ya nguo ya kwanza, isuuzwe kwa maji moto mara mbili. Mama akaenda kuchemsha maji. Huku nyuma Ayeyo, ambaye kwa miaka minane hakumwita Mama ila "yule mke wa mwanangu", akaja na makaa ya mgunga kwenye kigae, akayamwaga pipani, akafunika.

"Yarabi! Mashine yangu!" Mama alirudi na ndoo, akaona moshi, akaiinua amwage. Ayeyo akamshika mkono.

"Subiri, binti yangu. Chombo kipya hakipewi maji kabla ya moshi."

Mama alisimama na ndoo yake, machozi yakimtoka. Mimi nikajua ni moshi tu. Kisha akaitua, wakalitikisa pipa pamoja, wakamwaga makaa, wakalisuuza mara mbili kama karatasi ilivyotaka. Ndani palibaki doa jeusi, na kanzu ya Idi ya Baba ikanukia kibuyu. Wenzake bomani walimcheka, wee!

Nami nilikicheka kisa hicho miaka mingi, mpaka nilipoolewa, Mama akaja na makaa kufukiza vibuyu vyangu. Ndipo aliponiambia kwamba kwa kina Baba kazi hiyo ni ya mama wa bibi harusi, na kwamba yeye aliletwa Garissa bila hata kibuyu kimoja, mama yake akiwa mbali Lamu.

"Ayeyo wako alichelewa miaka minane," akasema, akipuliza makaa. "Lakini alikuja."