Mvinyo Niliouchagua kwa Pua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala la Vinywaji alimimina mvinyo mwekundu kidogo kwenye glasi, akaniuliza nasikia harufu gani. Nilikuwa nimetoka kijijini, kwenye chama cha msingi cha wakulima, nilikokuwa napanga madaraja ya tumbaku. Hoteli hii ya Kanyenye, Tabora mjini, nilikuwa nimeingia asubuhi hiyo hiyo.

"Pilipili hoho," nilimjibu. "Na jani la tumbaku lililochumwa kabla halijaiva. Mzee, huu mbovu, warudishieni wenyewe."

Alicheka mpaka akashika rafu. Alikuwa Mgogo, amekulia kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma, na utani hakuuacha nyumbani. "Nyie Wanyamwezi mnajua kubeba mizigo tu! Lakini pua unayo, binti. Nitakufundisha kuitumia."

Alinifundisha kwamba ubichi kwenye mvinyo una sababu zake. Zipo zabibu ambazo hoho ni asili yake; zikiiva vizuri, inabaki kwa mbali, kama mtu anakata hoho jikoni nawe uko sebuleni. Zikivunwa mapema, hoho hufunika tunda lote. Zikisagwa pamoja na vikonyo vyake, unasikia vijiti vibichi, na mdomoni unakuja ukakasi, ule ukavu wa ndizi mbichi. Ukakasi huo nilimwachia yeye auonje. Mimi ni Mmoravian, nilimwahidi mama yangu sitagusa pombe, na sijagusa.

Kosa langu lilikuwa la mtu wa tumbaku: kwetu jani la kijani ni daraja la chini, hakuna mjadala. Kwa hiyo kila chupa yenye ubichi niliitenga. Mzee alivumilia wiki mbili, kisha akanipeleka jikoni, akanilisha mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta, na kisamvu juu yake. "Sasa nusa ile uliyoikataa." Nilinusa. Ule ubichi ulikuwa umepata nduguye kwenye kisamvu, na uzito wa mafuta ukapungua puani. Niliona aibu kweli. Tangu hapo kabla ya kuchagua chupa nauliza kwanza jikoni wanapika nini.

Baadaye nilihamishiwa Kigoma. Msimamizi wa Ukumbi wa kule, mama mkali asiyerudia neno, aliniambia, "Hapa wanakula migebuka. Ukakasi na samaki vinaacha ladha ya chuma. Usiniaibishe." Nikajifunza kuchagua mwekundu mwepesi, uliopoozwa kidogo.

Nikarudi Tabora nikiwa Mnunuzi wa Vinywaji. Akaja Meneja mpya.

"Mama, mtu asiyekunywa anichagulie mvinyo? Wapi umeona?"

Jumamosi ile tulikuwa na chakula cha mchana cha jubilei ya padri mmoja mzee, wageni wengine wakitoka seminari ya Kipalapala. Mbuzi, kisamvu, ugali. Mimi nilikuwa nimeandaa mwekundu wenye ubichi kidogo, lakini Meneja alikuwa ameagiza mvinyo wake mwenyewe, chupa nzito yenye lebo ya dhahabu. Nilifungua moja, nikasubiri, nikanusa tena. Kabichi iliyochemshwa. Hiyo haihusiani na ubichi wa zabibu, ni chupa inayoumwa. Ukiiacha wazi kidogo harufu ikatoka, isamehe. Hii haikutoka.

"Meneja, huu usiende mezani."

"Utaenda, na wako utaenda. Wako ukiachwa, Jumatatu unahamia kuosha glasi."

Niliogopa, sitaficha. Mume wangu alikuwa kitandani mwaka wa pili, na mshahara wangu ndio uliolisha nyumba. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Wahudumu waliporudi, chupa za dhahabu zilikuwa zimejaa karibu zote. Zangu, zenye hoho yake ya kiasi, zilirudi tupu. Yule padri mzee alimwita Meneja mwenyewe: "Mwanangu, ule wa kwenda na kisamvu umebaki?"

Meneja alikuja jikoni. "Shikamoo, Mama," alisema, na haikuwa kawaida yake kunisalimu. "Agiza tena ule wako." Jumatatu nilikuwa mezani kwangu, na hapo ndipo nilipostaafia.

Vijana wa siku hizi wananiuliza siri. Msidanganyike na lebo, na msiogope ubichi. Jiulizeni ni hoho au ni kabichi, ni kidogo au umezidi, na mezani kuna nini. Wapo wanaonicheka kwamba nimemaliza kazi yote ile bila kujua mvinyo unalevyaje. Wacheke tu. Chupa niliyoichagua mimi ilirudishwa mara moja tu, na mgeni mwenyewe alikuwa na mafua.