Mijusi wa Milimani wa Mama Kadi

Walimwita Mama Kadi, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa alifuga mijusi chui, wale wa manjano wenye madoa meusi na mkia mnene, katika chumba cha uani chenye rafu za masanduku ya plastiki. Kila sanduku lilikuwa na kadi: baba nani, mama nani, ukoo ulitoka bonde gani au mlima gani. Ukimletea mjusi asiye na kadi umuulize ni wa jamii ipi, alikujibu kavu: "Sijui, na wewe hujui." Mijusi wa kufugwa wameshachanganywa mno, alisema, anayedai kuwatambua kwa macho ni tapeli.

Sasa vuta picha ya kinyaa kilichomshika aliporudi kutoka hospitali. Mdogo wake, aliyeachiwa funguo wiki tatu, alikuwa amewamwaga mijusi wote kwenye beseni moja ili aoshe masanduku. Mavi na nyenje wa kulishia waliooza alivitia kwenye ndoo, akaiacha mlangoni inanuka. Kisha akawarudisha mmoja mmoja na kubandika kadi kwa kukisia.

"Wadogo weusiweusi ni wa milimani," alieleza, kifua mbele. "Wakubwa waliopauka ni wa bondeni. Nina jicho, dada."

"Unalo. La samaki wa juzi."

Lakini balaa la beseni lilikuwa dogo kuliko lile lililokuwa njiani. Saa kumi mwalimu wa chuo angekuja kuchukua majike sita wa milimani kwa utafiti wake, na alikuwa amewakataa wafugaji wengine wote kwa sababu kadi za mama huyu hazisemi uongo.

"Mpe tu hao hao," mdogo wake alisema. "Nani atajua?"

Huyu naye tumbo moja na yeye, jamani. "Toa uvundo wako hapa. Mimi sitii saini kadi ya kubahatisha."

"Wale wawili wa kwanza je? Wale wa lile duka la wanyama lililokuwa linafungwa. Sanduku nilikubebea mimi. Hawakuwa na kadi. Uliwatazama ukasema, hawa wadogo, weusi, wa milimani hawa. Ukaandika."

Kweli Mama Kadi aliandika, kwa penseli, na mwisho akaweka alama ya kuuliza. Mwaka uliofuata alinakili kwa wino, ile alama hakuiandika tena. Kutoka hapo watoto, wajukuu, vilembwe, ukoo wake wote wa milimani. Na watu wangapi amewaita matapeli mbele ya wake zao! Kinyaa kikamgeukia mwenyewe, akaanza kuzibandua kadi moja moja.

Mwalimu alipopiga hodi alimkuta sakafuni, kadi zimemzunguka.

"Wa milimani wako tayari, mama?"

"Sina, mwanangu," alisema. "Sijawahi kuwa nao."