Jembe la Chuma cha Springi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia akilini kila nikiona gari limelala chini barabarani. Jana ulipokuja kunionyesha zile springi fupi ulizoagiza Mbeya, ukasema utazifunga Jumamosi ili gari lishuke, na shokapu utaziacha zilezile za zamani kwa kuwa bado nzima, mimi nilikuaga tu ukaenda. Nadhani uliniona mzee asiyejua magari.

Leo nimelowanisha koo kwa chai, nisikilize.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dereva wa Bwana Seifu, mwenye duka la nguo na chumvi hapa Sumbawanga mjini. Alikuwa na gari moja dogo, mbele watu na nyuma mizigo, na mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kofia nimeilaza upande, viatu vinang'aa hata kwenye matope, na nikipita mahali nisipotazamwa, napiga honi. Ndivyo nilivyokuwa, sikufichi.

Springi za gari lile zilikuwa vyuma bapa, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Pembeni yake ndipo palipokuwa na shokamzoba, hizo mnazoita shokapu, za kuizuia springi isirukeruke. Basi akapita mjini Mzungu mmoja mgeni na gari jipya, limelala chini, zuri ajabu. Vijana tukalizunguka. Mwenzangu mmoja akapiga bodi kofi, akasema, "Gari imekaa hii!"

Neno hilo likaniingia. La kwetu lilikuwa limesimama juu kama mbuzi aliyesikia fisi. Nikaanza kulionea haya, gari la watu, wala si langu.

Bwana Seifu aliposafiri kufuata bidhaa, nikaingia chini ya gari na kutoa vyuma viwili kwenye kila springi. Likashuka. Shokamzoba sikuzigusa, sikuona zinahusika nini. Nikalizungusha sokoni, na vijana wakaniitia kwa mbali, "Anselmi, imekaa!" Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Hata Bwana Seifu aliporudi alicheka tu, akasema sasa mkewe ataingia garini bila kushikwa mkono.

Vile vyuma nilivyotoa nilivipeleka kijijini kwetu Mollo kwa mjomba wangu Kasiani, ambaye alikuwa mhunzi. Unatujua Wafipa na chuma. Hakuna Mfipa wa wakati ule ambaye angeona chuma cha springi akakitupa, maana hakuna kinachotoa jembe zuri kama kile. Mjomba alifua visu na mashoka, na kile kirefu kuliko vyote nikamwomba anifulie jembe la mama.

Mama alikuwa akilima ulezi na jembe lililokwisha, limebaki upana wa kiganja. Nilipompa jipya alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, namna yetu ya kushukuru, mimi mwanawe wa kumzaa. Nikamwambia ainuke, ananitia aibu.

"Chuma hiki umekitoa wapi, Anselmi?"

"Kazini, mama."

Sikudanganya, na ukweli sikuusema.

Hazikupita wiki mbili, Mzee Salumu akanisimamisha njiani. Huyu alikuwa fundi wa magari aliyejifunzia kazi jeshini wakati wa vita, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya mafuta. Alikuwa amesikia mlio, ko, ko, ko, kila gari linapoingia shimoni. Akavua koti, akaingia chini. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakupandisha sauti.

"Umetoa vyuma."

"Ndiyo, mzee."

"Na shokamzoba umeacha za mwanzo. Hizi zimepimwa kwa gari iliyosimama, kijana. Sasa zimebanwa mpaka mwisho, hazina pa kwenda. Zitapasuka. Zikipasuka, ekseli itapiga fremu, na hapo katikati unajua kinapita nini? Kibomba cha mafuta ya breki."

Nikamwambia watu wote wanasema gari imekaa.

"Gari haikai," akasema. "Gari inasimama. Kukaa ni kwetu sisi watu, na pengine tunakaa matanga. Vyuma viko wapi?"

"Vipo."

"Virudishe leo."

Sasa hapa, mwanangu, ndipo nilipoharibikiwa. Utadhani kosa langu lilikuwa kuvitoa. Kijana anayetoa na kurudisha bado hajafanya kosa kubwa. Mimi nilitoka siku ileile nikaenda Mollo, nimekata shauri kabisa. Vile vyuma vingine vilikwisha kuwa visu na mashoka, lakini nilijua mjomba angeniazima fedha nikaagiza springi nyingine, kama ningemweleza. Na kueleza huko ningeanza na mama, kwa kuwa jembe lile ndilo lililokuwa likitangazwa kijiji kizima.

Nikamkuta shambani, anainua matuta. Hakuniona. Alikuwa akiimba, na kila jembe liliposhuka udongo ulikuja mkubwa, mweusi, umejaa. Akasimama akamwambia jirani yake wa shamba la pili, "Mwanangu ndiye aliyenipa hili." Jirani akajibu kwamba ameshaambiwa mara tatu tangu asubuhi. Wakacheka.

Nikasimama pembeni ya shamba mpaka jua likanichoma shingo. Nikaona haya kumwambia mama kwamba zawadi yake niliichomoa kwenye gari la mwajiri. Nikageuka nikarudi mjini. Mzee Salumu aliponiuliza, nikamjibu nimeshavirudisha. Akaniamini, kwani hakuwahi kunijua kuwa mwongo.

Mwezi haukwisha, dada yangu akajifungua huko Mwimbi. Bwana Seifu, Mungu amrehemu, akaniruhusu nichukue gari siku moja nimpeleke mama akamwone mjukuu. Walikuja yeye na jirani yake yuleyule wa shamba la pili. Nyuma tukapakia unga wa ulezi, maharage, kuku wawili na mikungu ya ndizi. Mama alikuja na jembe lake. Nikamuuliza la nini, akasema, "Dada yako yuko kitandani, shamba lake atamlimia nani?"

Tuliondoka asubuhi, mvua imenyesha. Gari liligonga chini njia nzima. Mama akasema anasikia mawe miguuni. Nikamwambia barabara mbaya.

Kwenye mteremko mmoja unaoshuka kwenye kijito, tukaingia shimoni, nikasikia mlio mmoja mkubwa kutoka nyuma. Shokamzoba. Halafu ekseli ikapiga fremu mara ya kwanza, ya pili. Nikakanyaga breki, ikazama mpaka chini, laini, haina kitu. Nikarudisha gia, ikakataa. Nikavuta breki ya mkono, matairi yakateleza juu ya tope. Daraja lilikuwa la magogo. Sikulipata, tukatumbukia kijitoni.

Jirani alivunjika mguu, na akachechemea hadi anakufa. Mama alirushwa nje. Nilipomfikia alikuwa amefumba macho, na mkono wake ulikuwa wa moto bado. Nilimwita. Niliita mpaka watu wakatoka mashambani kunitoa pale. Sitakueleza zaidi ya hapo. Ningeweza, ila sitaki.

Tulimrudisha Mollo. Kesho yake kaburi likachimbwa, na ardhi ya pale ina changarawe. Shemeji yangu akalalamika kwamba majembe yanapinda, akaenda kwenye mizigo iliyotoka garini, akarudi na jembe la mama. Halikuwa na hata mkwaruzo. Likaingia kwenye changarawe bila shida, na watu wakasifu. Mmoja akauliza, "Nani kafua jembe hili?" Mjomba Kasiani akasema ni yeye. Mimi nilikijua chuma chenyewe. Kila lilipopiga chini nililisikia ndani ya meno.

Mzee Salumu alikuja matangani akitokea kulivuta gari. Alikuwa ameingia chini yake. Akaketi karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Uliniambia umevirudisha." Nikasema ndiyo. Akaniwekea mkono gotini, akakaa nami mpaka jioni. Hakunisema kwa watu siku ile wala baadaye. Nilitamani angenisema. Leseni yangu ilichukuliwa, na usukani sikuushika tena. Ndiyo maana umenikuta mkulima.

Basi nasaha yangu ni hii, nayo ni fupi. Ukibadilisha kitu, badilisha na kile kinachokitegemea, au usiguse kabisa. Springi hizo zina shokapu zake fupi. Zitafute, au zirudishe Mbeya. Lakini hilo hata fundi atakwambia. Langu mimi ni hili jingine: ukishagundua umekosea, rudi siku hiyohiyo, hata kama kosa lako umeshalifunga ukampa mtu zawadi na amelishukuru kwa magoti. Mama angenipa lile jembe. Angelitia mikononi mwangu akanitania mwaka mzima, halafu angelima na lile la kiganja. Nilimwonea haya mtu ambaye hangenionea haya hata siku moja.

Jembe lenyewe liko nyuma ya mlango, nalo sasa limelika, limebaki upana wa kiganja. Nimelima nalo maisha yangu yote, na nyinyi nyote mmekula ulezi wake. Jumamosi, kabla hujashika spana, pita hapa ulishike kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukwambia kweli, na akupe miguu ya kurudi ulikokosea. Mama yako apande gari lako na ashuke salama. Nalo lisimame, mwanangu. Lisikae.