Pomadi ya Shangazi Zuhura

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mtaa wa Biryogo, mtu akitokwa na malengelenge mdomoni hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Bibi, mama mzaa baba, alikuwa ameshatufundisha: hiyo ni homa inatoka. Ilikuwa imekaa ndani, sasa imepata mlango, iacheni iende. Kupaka kitu juu yake kulikuwa kuizibia njia, na homa iliyozibiwa njia, kwa Bibi, ilirudi ndani ikashuka kifuani. Mwenye malengelenge alitengewa kikombe na taulo. Na kama nyumbani kulikuwa na kichanga, hakukanyaga chumba alicholala, kwa sababu homa inayotoka kwa mtu mzima, alisema Bibi, hutafuta mwili mwororo wa kuingia.

Hatukubisha. Tuliamini hivyo kama tulivyoamini kwamba mluzi wa usiku unaita nyoka.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipomzaa mdogo wangu Mariamu. Ilikuwa ile miaka ya vita vya kaskazini. Watu wazima walisogea karibu na redio na kuzungumza kwa sauti ya chini, na vizuizi vya askari vilikuwa kila upande wa mji. Kwa sababu ya vizuizi hivyo, Shangazi Zuhura, dada yake baba, alitoka kwake Kanombe akaja kukaa nasi moja kwa moja mpaka siku ya akika. Mumewe alifanya kazi uwanja wa ndege. Shangazi mwenyewe aliuza dawa katika farumasi moja mjini, chini kidogo ya Kiyovu, na mikono yake ilinukia sabuni na spiriti. Alikuwa ameolewa miaka kadhaa bila kupata mtoto.

Katika ukoo wetu shangazi ndiye anayemtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, siku anaponyolewa nywele na kutajwa jina. Nilipozaliwa mimi, Shangazi Zuhura alikuwa bado msichana wa shule, nikatolewa na ndugu mwingine wa mbali. Safari hii ilikuwa zamu yake, na alishashonesha gauni.

Siku ya pili ya kukaa kwetu, tukinywa chai, aligusa mdomo wa chini akasema, “Hapa pananichonyota.” Hakufanya kitu. Nadhani alijiambia si lolote. Kesho yake asubuhi malengelenge yalikuwa yamejipanga pembeni mwa mdomo, madogo, yenye maji.

Bibi aliyaona, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha bati akakiweka mbele yake.

“Chumba cha mzazi usiingie,” alisema.

“Mama, ninayo dawa.” Shangazi alitoa kwenye mkoba kitubu kidogo cheupe. “Hii si homa. Ni kirusi, mdudu asiyeonekana kwa macho. Pomadi hii inamkata nguvu.”

“Unamzibia njia.”

“Simzibii. Nampiga vita.”

“Basi mpige ukiwa huku sebuleni,” Bibi akasema, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Nilimtazama akijitibu siku zile. Alinawa mikono, akakaa penye dirisha na kioo, akakamua pomadi kiasi cha punje ya mchele juu ya pamba, akagusa malengelenge taratibu, kisha akanawa tena. Alifanya hivyo tangu asubuhi mpaka anapolala, hata chakula kikiwa mezani kinapoa. Bibi alipopita aligeuza uso. Alikuwa akingoja hiyo homa ishuke kifuani mwa binti yake, na nilimsikia usiku akimwombea.

Siku moja, mama akiwa amelala, mtoto alilia. Shangazi alikwenda mpaka kwenye pazia la mlango, akasimama hapo. Hakulishika. “Mimi shangazi yako,” alisema kupitia kitambaa. “Nakuja. Ngoja kidogo tu.”

Malengelenge yalipasuka, yakaanza kukauka. Asubuhi ya akika lilibaki gamba dogo tu. Uani watu walikuwa wamejaa, mbuzi amekwisha kuchinjwa, masufuria ya pilau yako motoni. Shangazi alivaa lile gauni. Mimi nilikuwa chumbani kwa mama nikikunja nguo za mtoto aliposimama mlangoni, nje ya pazia lililofungwa upande, akamwita Bibi.

Bibi alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

“Bado.”

“Mama, imekauka.”

“Hapa pembeni iko na maji.”

Baba alifika akiwa na kanzu yake nyeupe. Alitazama mmoja, akatazama mwingine. “Mama, watu wanangoja. Mtoto atatolewa na nani, na shangazi yake yuko hapa amesimama? Tutawaambia nini? Haya ya homa kutafuta mlango ni mambo ya zamani.”

“Sitambusu,” Shangazi alisema. “Nitambeba tu.”

“Utambusu,” Bibi akajibu. “Ningekuwa wewe, ningembusu.”

Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama, akasema jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kulisikia.

“Kabla yenu ninyi wawili alikuwapo Salama. Dada yangu alikuja kumwona, ametokwa na homa mdomoni kama wewe. Nilijua, wazee walishanionya. Lakini alikuwa dada yangu, nikaona haya kumkatalia. Alimbusu kichwani, machoni, mikononi. Alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe. Haikupita wiki mbili mtoto akatokwa na malengelenge palepale, akaacha kunyonya, akawa anakakamaa. Hakufika arobaini.”

Kelele za uani ziliendelea. Mama alimvuta mtoto karibu na kifua.

“Mama mdogo alijua?” Shangazi aliuliza.

“Hapana. Tulimwosha Salama mimi na yeye, akalia kuliko mimi. Ningemwambia ili iweje? Mpaka amekufa hakujua.”

Baba alivua kofia yake akaishika. Shangazi alilia bila sauti, akajifuta machozi kwa nyuma ya mkono asiuguse mdomo. Baadaye akatoka. Nilidhani ameondoka, lakini nilisikia maji yakimwagika bafuni, muda mrefu, na aliporudi mikono yake ilikuwa na maji mpaka kwenye viwiko, na khanga ameifunga puani na mdomoni.

“Miguu nitaishika?”

Bibi aliitazama ile mikono iliyolowa.

“Miguu shika.”

Walitoka hivyo. Bibi alimbeba Mariamu, na Shangazi alitembea ubavuni, nyayo za mtoto zikiwa ndani ya kiganja chake. Wanawake walitazamana. Mmoja akauliza, si kwa ubaya, mbona mtoto anatolewa na bibi yake.

“Anatolewa na shangazi yake,” Bibi alisema. “Mimi nimembebea tu.”

Wiki kadhaa baadaye Shangazi alirudi, mdomo umekuwa laini kabisa. Bibi mwenyewe alimpakatisha mtoto, akatutoa sisi wengine chumbani, akawashushia pazia.

Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalitupokonya Shangazi Zuhura na mumewe. Mahali walipolala hatukupajua. Bibi aliishi miaka michache zaidi, na habari za Salama hakuzirudia tena.

Nikiwa mtu mzima nilimweleza daktari kisa hiki, nikitarajia atacheka. Hakucheka. Alisema Shangazi alikuwa sahihi, ni kirusi, na pomadi ile husaidia kidogo, zaidi mtu akiwahi kuipaka pale anapoanza kuchonyotwa. Haizibi njia wala hairudishi homa kifuani. Lakini haiufanyi mdomo kuwa salama kwa kichanga, na vichanga kweli hufa kwa busu la namna hiyo.

Utotoni nilidhani siku ile ilikuwa ugomvi wa dawa ya kisasa na imani ya kikongwe. Sioni hivyo tena. Bibi alikuwa na mtoto ambaye hakuweza kumtaja, na ule mkatazo ndio mahali alipomhifadhi. Kama angeumwa Mariamu au asingeumwa, hilo siwezi kuapa. Hakuna ajuaye.

Mariamu sasa ana watoto wake. Majuzi aliniuliza huyo shangazi aliyeshuhudia jina lake alikuwa mtu wa namna gani, maana hana hata picha yake. Ningeweza kumsimulia sauti yake, gauni lake, harufu ya spiriti mikononi. Mwishowe nikamwambia: alikutamani kuliko kitu chochote, akaambiwa akae mbali nawe, akakaa.