Fundi Cherehani Aendapo Kwenye Maigizo

Kila Jumapili fundi cherehani wa Mjimwema humchukua mkewe kutembea mjini Songea. Makumbusho ya Majimaji wameyazoea, lakini yeye huyazunguka mikono nyuma, akishangaa kama mgeni. Kwenye maigizo ndiko humtia mkewe aibu, maana huongea na waigizaji. "Usimwamini huyo, dada!" hupaza sauti, na mkewe humfinya. Jumapili iliyopita, binti aliyeigiza mjane aliyefukuzwa na shemeji zake alisahau maneno, akaganda jukwaani. Watu wakaanza kucheka. Fundi akainuka. "Mwanangu, tuambie tu, nani kakufukuza?" Binti akamgeukia, akavuta pumzi, akamjibu, na maneno yote yakamjia. Ukumbi mzima ukashangilia. Mkewe, aliyekuwa ameinamisha uso, akawageukia waliokaa nyuma yake: "Mume wangu huyo!"